Mkebe wa Mama na Kikombe cha Mandela

Msimu wa 1987 uliwapa Gor Mahia sifa ambayo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuipata. Lakini katika nyumba moja ya Kitengela, msimu huohuo ulizua kesi iliyochukua miaka mingi kuamuliwa.

TULIPOKUWA watoto, kulikuwa na mkebe mmoja nyumbani ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, rangi yake imebambuka, na Mama aliuweka juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa ya wageni. Mama hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alipoudhiwa na Baba, aliuteremsha mkebe ule, akautikisa mara moja tu, kisha akaurudisha mahali pake. Baba naye alichukua kofia yake akatoka nje bila neno.

Nilikuwa nimefika darasa la sita nilipoelezwa maana ya mkebe ule. Mpenzi msomaji, ni kisa cha kandanda. Lakini pia ni kisa cha unga, cha karo, na cha swali ambalo familia nyingi hujiuliza siku hizi: je, mpira unaweza kumlisha mtu?

KITUO KIDOGO NJIANI

Kitengela ya mwaka 1987 haikuwa hii ya magorofa na msongamano wa matatu. Wenyeji walikijua kituo hicho kwa jina la Noonkopir. Kulikuwa na maduka machache kando ya barabara ya Namanga, bucha kadhaa, na baada ya hapo nyika tupu hadi macho yalipochoka. Watu walianza kumiminika baada ya mwaka 1990, serikali ilipoanzisha eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, kule Athi River.

Baba alikuwa ametoka Siaya kutafuta riziki, akapata kazi katika kiwanda cha saruji cha Athi River. Alipanga chumba Kitengela kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Jirani yao wa karibu alikuwa mzee wa Kimaasai aliyekuwa na ng'ombe wengi, maneno machache, na redio kubwa ya betri.

Redio hiyo ndiyo iliyowafanya Baba na Mzee kuwa marafiki. Enzi hizo Sauti ya Kenya ilitangaza mechi kwa Kiswahili, na watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela walijua kukufanya uone mpira kwa masikio. Mzee hakuwa shabiki wa timu yoyote. Alipenda tu kusikia jinsi wanaume kumi na mmoja wanavyolinda boma lao.

MZIGO WA 1979

Ili kuelewa wazimu uliompata Baba, ni lazima turudi nyuma kidogo. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968, baada ya timu za jamii ya Waluo kuungana. Ilipewa jina la Gor wuod Ogada, mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye wazee husimulia miujiza yake hadi leo. Mwaka huohuo wa kwanza ikatwaa ubingwa wa ligi.

Haikuwa timu ya tajiri wala ya kampuni. Ilikuwa mali ya watu wake, nao watu waliijaza viwanja na kuilipia langoni. Wachezaji hawakuwa wanasoka wa kulipwa kama tunavyowajua leo. Wengi walikuwa na ajira kwingine. Walifanya kazi, wakafanya mazoezi jioni, na Jumamosi au Jumapili wakavaa jezi ya kijani.

Mwaka 1979 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Ilikutana na Canon ya Yaoundé, Cameroon, ikafungwa 2-0 hapa nyumbani na 6-0 ugenini. Jumla mabao manane kwa nunge. Baba husema kwamba kwa muda mrefu mashabiki wa K'Ogalo hawakupenda kusikia neno 'fainali'.

Kisha ukaja mwaka 1987. Mwezi Agosti, Kenya iliandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani. Harambee Stars ilifika fainali ya kandanda na kulazwa 1-0 na Misri. Nchi nzima ilibaki na kidonda. Wakati huo Gor Mahia ilikuwa ikipanda ngazi moja baada ya nyingine katika Kombe la Washindi, ambalo wakati huo lilibeba jina la Nelson Mandela. Mandela mwenyewe alikuwa bado kifungoni Afrika Kusini. Hakuachiliwa hadi Februari 1990.

Kikosi hicho bado hutajwa vinywani mwa wazee kama watu wanavyotaja majina ya ukoo. Langoni alisimama David Ochieng. Nahodha alikuwa Austin Oduor, beki asiyejua mzaha. Katikati alicheza Abbas Khamis Magongo, aliyebandikwa jina la 'Zamalek'. Pembeni kulikuwa na Sammy Onyango, 'Jogoo'. Mbele alikuwa Peter Dawo, mrefu, mwenye kichwa kilichoogopwa na makipa wa bara zima.

Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza ilichezwa Tunisia, na wengi walitarajia balaa la 1979 lijirudie. Badala yake Gor Mahia wakatoka sare ya 2-2. Marudiano yakapangwa Kasarani, Jumamosi tarehe 5 Desemba, 1987.

NG'OMBE WA UGENINI

Usiku wa ile sare, Baba alihangaika kumweleza Mzee kwa nini mabao mawili yaliyofungwa Tunis yalikuwa na uzito kuliko mabao ya nyumbani. Kanuni ya wakati huo ilisema kwamba timu zikilingana kwa jumla ya mabao, iliyofunga mengi ugenini ndiyo mshindi. Mzee alisikiliza, akafikiri, kisha akasema:

"Nimeelewa. Ng'ombe aliyepelekwa mbali wakati wa kiangazi akarudi hai si sawa na yule aliyebaki hapa bomani akinywa maji ya kisima."

Baba anasema hajawahi kusikia mchambuzi yeyote wa redio wala runinga akiieleza kanuni hiyo vizuri kuliko hivyo.

Sasa sikiliza. Mama alikuwa mjamzito wa miezi minane, mimba ya kaka yangu. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akiweka sarafu moja moja katika mkebe, fedha za kwenda kujifungua na kununua shuka za mtoto. Kufikia mwanzo wa Desemba mkebe ulikuwa na Sh380. Kwa mshahara wa kibarua wa wakati huo, hizo hazikuwa pesa za mchezo.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Baba alitoka akisema anakwenda kumwona rafiki yake Athi River. Saa nne Mama aliuteremsha mkebe ili aongeze shilingi kumi. Ulikuwa mwepesi. Akautikisa. Kimya.

Baba alikuwa tayari njiani kuelekea Kasarani. Alijilipia nauli na kiingilio, akawalipia vijana wawili wa kiwandani waliokuwa hawana kitu, na zilizobaki zikamalizikia kwenye nyama choma baada ya mechi.

DAKIKA NDEFU

Uwanja ulijaa pomoni. Baba anasimulia kwamba hakukaa kitini hata mara moja, kwani aliyeketi hakuona lolote ila migongo ya watu. Ile sare ya Tunis ilikuwa baraka na mtego kwa pamoja. Matokeo yakiwa 0-0 au 1-1, kikombe kingebaki Nairobi. Yakiwa 2-2 kila kitu kingekuwa sawa na mambo yangeanza upya. Na Espérance wakishinda hata kwa bao moja, basi safari ingekuwa imeisha.

Ubao ulipoonyesha 1-1, kila mpira uliovuka mstari wa katikati kuelekea lango la Ochieng ulikuwa kama kisu. Bao moja tu la Watunisia, na balaa la 1979 lingekuwa limerudi. Baba anasema mtu aliyekuwa karibu naye, mtu mzima mwenye mvi, alifumba macho na kumwomba amweleze kinachoendelea. Baba naye hakuweza. Alikuwa ameyafumba yake pia.

Kipyenga cha mwisho kikalia. Mabao 3-3 kwa jumla, mawili ya Gor Mahia yakiwa ya ugenini dhidi ya moja la Espérance. Klabu ya Kenya ilikuwa imetwaa kikombe cha bara kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo ikawa pia bingwa wa ligi ya nchi.

Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyofikia hapo. Kenya Breweries ilijaribu mwaka 1994, ikafika fainali ya kombe hilohilo, ikashindwa na DC Motema Pembe ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Majirani zetu wa Tanzania nao wamejaribu. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, wakalingana 2-2 na USM Alger kwa jumla ya mabao, na ile kanuni ya ng'ombe wa ugenini iliyotupa sisi kikombe ndiyo iliyowanyima wao. Simba nao walishindwa fainalini na RS Berkane ya Morocco mwaka 2025.

Baba alirudi Kitengela Jumapili alfajiri, kwa miguu kutoka Athi River, sauti imekauka. Mama alimfungulia mlango, akampa maji ya kunywa, akauweka ule mkebe mtupu mezani mbele yake, akaenda kulala. Hakumsemesha kwa siku tisa.

Mtoto alizaliwa Januari 1988. Gharama zilitoka kwa Mzee, aliyeuza mbuzi wawili bila kuulizwa mara mbili. Baba alimlipa kidogo kidogo hadi Agosti. Alitaka mtoto aitwe Mandela. Mama alikataa katakata. Kaka yangu anaitwa kwa jina la babu yetu mzaa mama, mtu ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani mwake.

KESI YAFUFULIWA KAJIADO

Naandika haya kwa sababu kesi ya mkebe imefufuliwa hivi karibuni. Kaka yangu sasa ni mwalimu mjini Kajiado. Mwanawe wa kwanza ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, na miguu yake ina kipawa. Watu wasiomjua husimama kando ya barabara kumtazama akicheza. Alipomwambia baba yake kwamba anataka kuacha shule ajiunge na timu moja ya Nairobi iliyomwahidi posho, nyumba iliwaka moto.

Basi Jumapili moja tukapanda matatu, Baba, Mama na mimi, tukapita Isinya hadi Kajiado kwenda kuamua. Nilidhani najua kila mtu atasema nini. Baba, aliyekula fedha za uzazi kwa ajili ya mpira, angemtetea mjukuu. Mama angekuja na mkebe.

Nilikosea pande zote mbili.

Baba ndiye aliyekataa. Alizungumza polepole, huku akiitazama sakafu. Akasema aliwapenda wale vijana wa 1987 kuliko ndugu zake. Lakini katika miaka iliyofuata amesikia habari za baadhi yao wakiugua, na marafiki wakipitisha kofia ili walipiwe matibabu. Na wengine wamekwisha kufariki. "Kikombe kiliingia kabatini," akasema. "Mchezaji je, aliingia wapi?" Akaongeza kwamba klabu yenyewe ilikaa bila ubingwa wa ligi kutoka 1995 hadi 2013, na mfadhili alipoondoka mwaka 2019 wachezaji wakarudi kulilia mishahara. Timu yenye mamilioni ya mashabiki!

Maneno hayo yalinikumbusha habari niliyowahi kuisoma kuhusu mji mdogo wa Marekani uitwao Green Bay. Huko wana kandanda yao, inayochezwa kwa mpira wenye umbo kama la yai na kufanana kidogo na raga. Mwaka 1919 kijana mmoja, Curly Lambeau, aliyeajiriwa na kampuni ya kupakia nyama, alimwomba mwajiri wake fedha za jezi. Akapewa dola 500. Ndiyo maana timu hiyo inaitwa Packers, yaani wapakiaji, hadi leo. Nilicheka niliposoma hayo, kwa sababu hatua chache kutoka Kitengela kuna kiwanda chetu cha nyama, KMC, kilichoanzishwa mwaka 1950. Nasi tungeweza kuwa na Wapakiaji wetu!

Lakini kilichonigusa si nyama. Timu hiyo ilikaribia kufa kwa madeni, kama zinavyokufa zetu. Mwaka 1923 wenyeji wakafanya jambo moja: wakauziana hisa 1,000 kwa dola tano kila moja. Hazikuwa na faida ya kugawana. Zilikuwa tu mkebe wa mji mzima. Msimu wa 1929 timu hiyo ya kijijini ikacheza mechi 13, ikashinda 12, ikatoka sare moja, na kuwa bingwa mbele ya timu za miji mikubwa kama New York na Chicago. Ikarudia mwaka 1930 na 1931. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni, na timu haijawahi kuhama mji wake wala kuuzwa kwa tajiri.

Sisi mashabiki wa 1987 tulikuwa na mapenzi kama ya watu wa Green Bay, pengine hata kuwazidi. Baba alimwaga mkebe mzima kwa siku moja. Kosa ni kwamba tulizoea kumwaga. Hakuna aliyetufundisha kuweka.

SAUTI YA MAMA

Baada ya Baba kumaliza, Mama alikohoa. Akasema ana jambo ambalo hajawahi kulisema kwa miaka yote hiyo.

Ile Jumamosi ya tarehe 5 Desemba, alipouona mkebe mtupu, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee kuomba mkopo. Akamkuta chini ya mti, redio ikinguruma. Mzee alimwashiria akae kwanza, mambo ya fedha yangesubiri. Mama akakaa, tumbo lake mbele, hasira kifuani. Mwanzoni hakusikia kitu. Baadaye akaanza kusikia. Ilipofika 1-1, akajikuta ameushika mkono wa Mzee. Na kipyenga cha mwisho kilipolia, yeye, mwenye mimba ya miezi minane na mkebe mtupu, alisimama akapiga kigelegele kilichowatisha ndama.

"Kwa hiyo sikumkasirikia baba yenu kwa sababu ya mpira," akasema. "Nilimkasirikia kwa sababu hakuniuliza. Angeniuliza, ningempa nauli na kiingilio. Nyama choma ningekataa."

Tulicheka hadi majirani wakachungulia. Kijana mwenyewe alikuwa wa kwanza.

Kisha Mama akatoa hukumu. Kijana atacheza, kwa sababu kipawa si mzigo wa kutupwa njiani. Lakini atamaliza kidato cha nne kwanza, na hiyo timu ya Nairobi ikimtaka kweli itamngoja. Kaka yangu akamtajia Michael Olunga, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, na papo hapo akaichezea Gor Mahia katika msimu wa 2015, klabu ilipotwaa ligi bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 2016 akaenda Sweden kuanza maisha ya kulipwa. Daftari na gozi vilikaa mkoba mmoja.

Wazazi wenzangu, huenda nanyi mna kijana wa aina hii nyumbani. Msimvunje moyo, na msimtupe sokoni. Ulizeni mkataba uko wapi, nani atalipa akivunjika mguu, na posho hiyo ni ya miezi mingapi. Na akipata shilingi yake ya kwanza, mfundisheni kuigawa kabla hajaila. Wahenga walisema akiba haiozi.

Mama alikuwa amekuja na mkebe kweli. Aliutoa kwenye kikapu, ule ule, rangi imekwisha kabisa, akamkabidhi mjukuu wake. Baba akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akahesabu noti tatu za mia, moja ya hamsini, na sarafu za shilingi thelathini. Sh380 kamili. Akazitia ndani moja moja, huku sisi sote tukisikiliza zinavyolia.

Mama alisubiri hadi sarafu ya mwisho.

"Na riba?" akauliza.